Kura Elfu Kumi na Moja za Babu Alizeti

Jumatatu, 14 Julai

Leo nimekuwa meneja wa kampeni. Hakuna aliyeniteua. Hakuna aliyenikataza pia.

Mjomba Laurian amerudi kutoka Nduguti, wilayani, na fomu ya kuomba udiwani wa kata yetu kupitia chama. Akaiweka mezani kando ya bakuli la mlenda. Bibi Agripina, mama yake, akauliza hiyo karatasi inahusu nini. Mjomba akasema udiwani. Bibi akamega matonge mawili, akatafuna, akasema mtu aliyepoteza mbuzi watano kati ya saba sasa anaomba apewe kata nzima.

Kwa yeyote atakayesoma shajara hii nikiwa nimeshakufa: mjomba ana miaka ishirini na tisa. Mtandaoni anaitwa Babu Alizeti. Anavaa koti la marehemu babu, anabandika ndevu za pamba, anashika fimbo, kisha anamgombeza jogoo wetu, anayeitwa Katibu, kuhusu maadili ya vijana wa leo. Ana wafuasi 212,000. Kata yetu ina watu 9,600, ukihesabu hadi vichanga. Nimegawanya. Kila mkazi anaangukiwa na wafuasi ishirini na wawili. Sijui hasa hiyo ina maana gani, ila haiwezi kuwa kushindwa.

Kwanza zinakuja kura za maoni za chama. Wajumbe tisini na nne watachagua jina moja kati ya mawili. Jina la pili ni Mama Felista, ambaye anatumia kitochi, simu ile ya vibonye. Hakina hata kamera. Karibu nimwonee huruma.

Mimi sitafuti madaraka. Natafuta boksi la tatu.

Kwenye ofisi ya kata kuna maboksi manne ya vitabu vya shule yetu. Yaliletwa mwaka juzi. Yanasubiri rafu, rafu zinasubiri kikao, na kikao kinasubiri diwani mpya. Boksi la tatu limepasuka kona, na ukichungulia dirishani unaona riwaya ya upelelezi ambayo nakala yetu ya darasani imechanika. Yetu inaishia ukurasa wa 142, daktari akiwa amelala sakafuni na kikombe cha chai mkononi. Nimeisoma mara nne. Nina hakika aliyeweka sumu ni mtunza bustani. Lakini nataka kuliona jina lake kwa macho yangu.

Mwalimu Rukaiya, anayetufundisha Kiswahili, aliniambia mwaka jana niende nikamwombe mtendaji wa kata. Nilimwandikia barua. Nimeirekebisha mara saba. Bado imo kwenye begi. Aya ya pili haijakaa vizuri.

Mjomba ameapa kwamba akiwa diwani, maboksi yatafunguliwa siku ya kwanza. Ameapa mbele ya Katibu.

Jumanne, 15 Julai

Nathan amejua. Nathan ni mtoto wa Mama Felista, tuko naye Kidato cha Tatu, na ni mwenyekiti wa klabu ya mdahalo, kwa hiyo anaongea hata asipoulizwa. Ameliambia darasa zima kwamba mama yake anawajua wajumbe wote tisini na nne kwa majina, pamoja na watoto wao, na nani ana presha. Kisha akanigeukia, akauliza eti huyo babu yenu mwenye pamba anamjua nani zaidi ya kuku.

Darasa lilicheka. Nilitaka kujibu. Jibu lilinijia saa tisa na nusu, nikiwa njiani peke yangu, karibu na mashine ya kukamulia alizeti. Lilikuwa jibu zuri sana. Naliandika hapa lisipotee: "Nathan, mama yako anajua watu. Sisi tunajulikana." Kesho nitalitumia, nafasi ikitokea.

Jioni nimemaliza Mkakati. Kurasa sita. Kiini chake ni hiki: mjomba asizunguke nyumba kwa nyumba. Hayo ni ya zamani. Mgombea wa kisasa hamfuati mtu, anafuatwa. Ndiyo maana wanaitwa wafuasi.

Mjomba amesoma kurasa mbili, akasema nina akili, akalala na Mkakati kifuani.

Jumatano, 16 Julai

Nafasi haikutokea.

Alhamisi, 17 Julai

Kuna msiba upande wa mlimani. Mkakati, ukurasa wa nne, unasema tutume salamu za rambirambi kwa video. Bibi amesema asiyekwenda msibani kwa miguu yake asirudi kula kwake. Tumekwenda.

Wajumbe karibu wote walikuwepo. Nikafurahi. Nikadhani watamzingira mjomba kama wanavyomzingira kwenye simu. Hakuna aliyegeuka. Mjomba bila ndevu ni kijana tu mwenye fulana ya kijani. Alipewa shoka, akapasua kuni mpaka mchana.

Nikajikaza, nikamsogelea Mzee Mughwai, mjumbe anayesikilizwa na wenzake. Nikamwamkia. Nikamuuliza kwa sauti ndogo anamwonaje Babu Alizeti. Akasema anampenda sana, mjukuu wake alimnunulia simu na humwangalia kila jioni, yule mzee anasema kweli tupu. Ila kumpa kura hapana. Umri umekwenda. Angekaa apumzike, awaachie vijana.

Nikamwambia Babu Alizeti ndiye yule pale kwenye kuni. Mzee Mughwai akamtazama mjomba muda mrefu. Akasema, "Binti, usinichezee. Yule ni Laurian wa Agripina. Alitolewa kwaya kwa kucheka wakati wa pambio."

Mama Cecilia, naye mjumbe, akadakia kwamba yeye hawezi kumchagua babu anayemfokea mke wake vile. Nikamweleza kwamba hakuna mke, anayefokewa ni jogoo. Akafikiri kidogo. Akasema basi hali ni mbaya kuliko alivyodhani.

Mama Felista alikuwa pale tangu juzi, anasimamia masufuria. Aliniita kwa jina. Akauliza kama kile kifua changu cha Kidato cha Kwanza kilipona kabisa. Akaniongezea ukoko wa wali bila kuombwa. Inaudhi sana mpinzani akiwa na adabu.

Ijumaa, 18 Julai

Tatizo nimelielewa. Sura wanaipenda, jina hawalijui. Jina wanalolijua, sura yake haiwavutii. Kinachotakiwa ni kuwaonyesha kwamba hawa wawili ni mmoja, mbele ya macho yao, kwa kishindo. Nimeongeza ukurasa wa saba.

Kesho wajumbe wanakutana na wagombea kwenye darasa la shule ya msingi. Mjomba ataingia akiwa Babu Alizeti. Atasalimia. Atajitambulisha. Kisha atavua ndevu.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nikiwa chini ya meza, kwa sababu Bibi ananitafuta.

Mjomba aliingia na koti na fimbo, ameinama vizuri kabisa. Watu wakaachia tabasamu. Tatizo ni kwamba pamba ile nilikuwa nimeiongeza, na akaonekana ana miaka kama tisini na mbili. Mzee Mughwai ana sabini na moja. Akainuka kwenye kiti, akavua kofia, akasema, "Shikamoo."

Mjomba, akiwa amezama kwenye kazi yake, akajibu kwa sauti nene, "Marahaba mwanangu, hujambo?"

Mzee Mughwai akasema hajambo.

Baada yake wakafuata wazee wengine kwa mstari. Nilihesabu shikamoo kumi na saba. Zote mjomba alizipokea. Na mmoja wao mjomba alimpapasa kichwani.

Kisha akavua ndevu.

Mzee Mughwai akarudisha kofia kichwani polepole. Akasema, "Kwa hiyo mimi nimekuamkia wewe." Mjomba akasema ndiyo, mzee. "Na wewe ukaitikia." Mjomba akasema ndiyo. "Na ukaniita mwanangu." Mjomba akawa anatazama viatu vyake. Mzee Mughwai akasema hataki maneno mengi, anaitaka shikamoo yake.

Nathan alikuwa dirishani. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mama Felista alipopewa nafasi alisema atawatumikia, akakaa. Ndiyo hotuba yake yote. Haikuwa hata na mwanzo, kiini na mwisho.

Jumapili, 20 Julai

Bibi ameamua. Mjomba atapita nyumba moja baada ya nyingine kurudisha shikamoo za watu. Hairudishwi kwa simu. Hairudishwi kwa kutuma mtu. Unakwenda, unainama, unatoa yako, unasubiri marahaba.

Nimemkumbusha mjomba kwamba hiyo ni kinyume kabisa na Mkakati, ukurasa wa kwanza. Akasema anajua. Akavaa shati la kanisani.

Nimekwenda naye, kulinda heshima ya kampeni. Kwa Mzee Mughwai tumekaa saa mbili. Mjomba akainama mpaka karibu aguse mchanga. Mzee akamwacha hapo kidogo, nadhani kwa kulipiza, kisha akasema marahaba na kuleta viti. Wakaongelea vitunguu, mbegu ya alizeti isiyotoa mafuta na daraja la mtoni. Kumbe mjomba anajua mambo ya daraja. Hakuna hata kamera moja iliyorekodi. Nguvu iliyopotea pale inatia uchungu.

Jumanne, 22 Julai

Bado anarudisha. Zile kumi na saba zilikwisha jana, lakini habari imeenea, na sasa wazee ambao hawakuwepo darasani wanadai na wao waliwahi kumwamkia kwenye simu. Mmoja amesema alimwamkia mara tatu, kwa hiyo anadai tatu. Mjomba amempa tatu. Wakacheka wote wawili mpaka mzee akakohoa.

Mama Cecilia amemwambia anamwona ana malezi kuliko alivyodhani, ila amwache jogoo apumzike.

Jambo la ajabu: Nathan leo hakuongea darasani. Wakati wa mapumziko akaniuliza, bila dharau, kama ni kweli mjomba amefika hadi kule bondeni. Nikasema ndiyo. Akasema mama yake jana alihesabu wajumbe wake, halafu akahesabu tena.

Nimefurahi, lakini siwezi kusema ni kazi yangu. Nyumba kwa nyumba imetuchelewesha siku tatu. Inabidi turudi mtandaoni haraka, tumalize kazi kitaalamu.

Alhamisi, 24 Julai

Kazi imekwisha. Nasema hivi kwa unyenyekevu.

Tumepanda kwenye jiwe kubwa nyuma ya shule, ndipo mtandao unapatikana. Katibu kwenye kapu. Mjomba alikuwa ameandika maneno ya video mwenyewe: "Ndugu wajumbe na wapenzi wangu, naomba mfike Jumamosi saa nne asubuhi pale shule ya msingi, kwenye kura za maoni, mnipigie kura."

Nilisikitika nilipoyasoma. Marefu, mazito, kama tangazo la chanjo ya ng'ombe. Mwalimu Rukaiya husema mwandishi mzuri ni yule anayejua kufuta. Nikafuta. Kilichobaki kimenifanya nijivunie:

"Kura yako, kwenye maoni. Usisubiri Jumamosi."

Maneno sita. Yana mdundo. Mjomba akauliza kama wataelewa. Nikamwambia wasomaji wasidharauliwe.

Ijumaa, 25 Julai

Nilipotoka shule nilikimbia moja kwa moja hadi kwenye jiwe na simu ya mjomba. Chini ya video, palipoandikwa Maoni, palikuwa na 11,406. Elfu kumi na moja na mia nne na sita! Nimekaa nikiyasoma mpaka jua likaanza kuzama. "Kura yangu hiyo babu." "Kura kutoka Mwanza." "Kura moja, niko Muscat." Mtu wa Mombasa amepiga kura na kumsalimia Katibu.

Na zaidi ya hayo, nimeona majina ya hapa hapa. Mama Cecilia: "Kura yangu hii hapa. Jogoo aachwe." Na mwingine, ambaye naamini imemchukua nusu saa kuandika: "MIMI MUGHWAI MJUMBE NAMPA KURA LAURIAN. SHIKAMOO NIMESHAPOKEA."

Wajumbe kumi na mmoja kwa jumla. Nimewawekea vema kwenye daftari la jiografia. Nimeshachagua pia pembe ya maktaba yetu ijayo nitakayokaa. Ile ya dirishani, upande usio na Nathan.

Jumamosi, 26 Julai

Mama Felista 42. Mjomba 37.

Wajumbe kumi na watano hawakufika.

Nilikuwa nje ya darasa matokeo yaliposomwa. Nikafungua daftari la jiografia, nikatafuta kwa macho wale wenye vema. Mama Cecilia hayupo. Mzee Mughwai hayupo. Kati ya kumi na mmoja sikumwona hata mmoja.

Nikakimbia hadi kwa Mzee Mughwai. Nilimkuta uani na fimbo, anapiga alizeti, na rundo lilikuwa limefika nusu. Nilisahau aibu yangu yote. Nilimwamkia, nikamuuliza kwa nini hajaenda kupiga kura. Akasema ameshapiga. Nikadhani anaongelea alizeti. Akasema hapana binti, kura, nimepiga tangu juzi. Akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na simu imefungwa kwenye kitambaa, akanionyesha. Hii hapa kwenye maoni. Wenyewe mmesema tusisubiri Jumamosi.

Akauliza tumeshinda kwa kura ngapi.

Nilisema kuna matokeo ya awali.

Akasema amefurahi sana kwamba siku hizi mambo yamerahisishwa, zamani kura za maoni zilikuwa zinamlia siku nzima.

Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu. Kwenye Mkakati nilikata mstari juu ya maneno "boksi la tatu", kisha nikaufuta ule mstari.

Jumapili, 27 Julai

Nilimweleza mjomba kila kitu. Nilikuwa nimejiandaa afoke, hata nikamshika Katibu ili afokewe yeye kwanza. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Kwa hiyo wamepiga kura kwenye maoni." Nikasema ndiyo. Akaanza kucheka, akatoka nje, akarudi, akacheka tena. Nadhani ndivyo alivyokuwa siku ile ya kwaya.

Akasema thelathini na saba si haba kwa mtu ambaye wiki mbili zilizopita hakujulikana bila pamba. Akasema pia wazee wamemwambia waendelee na ile habari ya daraja, udiwani au bila udiwani, Jumatano wanakwenda kupima. Ana raha. Nimemchunguza vizuri, si ya kuigiza.

Mchana alivaa koti na ndevu, akaenda kwa Mama Felista, akampa shikamoo ya kushindwa mbele ya watu. Mama Felista akasema marahaba babu, na wewe pumzika sasa, uwaachie vijana. Nathan alirekodi kwa simu ya jirani. Hadi usiku huu imetazamwa mara laki tatu.

Bibi amechinja kuku. Si Katibu. Alimtazama kwanza, lakini si Katibu.

Jumatano, 30 Julai

Leo nimeitwa na Mwalimu Rukaiya wakati wa somo la pili. Nikafikiri ni daftari la jiografia. Nje alisimama Mama Felista, na nyuma yake Nathan amebeba boksi, jasho linamtoka. Kwenye kona ya boksi palikuwa na tundu ninalolijua.

Mama Felista akasema siku zile za msiba Bibi yangu alimwambia kuna mtoto anashinda kwenye dirisha la ofisi ya kata. Akaenda kumwomba mtendaji ufunguo. Nikamuuliza aliupataje, wakati hata diwani hajawa. Akashangaa. Akasema aliuomba. Mtendaji alikuwa nao mfukoni miaka miwili, akasema hakuna mtu aliyewahi kuuulizia.

Nathan akasema rafu zitakuja baadaye, kwa sasa vitabu vitakaa juu ya madawati. Kisha akachomoa ile riwaya, akanipa, akasema na yeye anataka kujua nani alimuua daktari, kwa hiyo nisichelewe. Sikujua kwamba na yeye aliishia ukurasa wa 142.

Nilitaka kumwambia jambo zuri. Litanijia njiani.

Alhamisi, 31 Julai

Nimemaliza saa kumi alasiri, juu ya jiwe, Katibu pembeni. Aliyeweka sumu ni muuguzi. Mtunza bustani hana kosa lolote. Nimerudia kurasa za nyuma kwa makini. Mwandishi amekosea.

Nina furaha hata hivyo. Boksi limefunguka, kama nilivyopanga, ndani ya siku kumi na saba tu tangu niandike ukurasa wa kwanza. Barua ya mtendaji nimeitoa kwenye begi, nikairekebisha aya ya pili, nikairudisha.

Mjomba amefikisha wafuasi 260,000, na leo alipoondoka kwenda darajani nilimweleza kuhusu ubunge. Alicheka, lakini hakusema hapana. Nimefungua daftari jipya. Mkakati wa Pili, ukurasa wa kwanza, unachambua tulipokosea, bila upendeleo. Kosa lilikuwa moja, na ni dogo. Tuliwaomba watu waandike maoni mara moja moja. Safari ijayo waandike mara mbili mbili.